Gari kuwa juu si gari kuwa gumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme jambo moja kuhusu gari za saluni (sedani) za bei nafuu zilizoinuliwa, zile zenye plastiki nyeusi kwenye matao ya magurudumu. Kila zinapoandikwa, kinachotangulia ni kimo: Renault Logan Stepway, milimita 195 kutoka ardhini, Lada Vesta Cross, milimita 203. Msomaji akishaiona namba hiyo hujijazia mwenyewe kwamba gari lililo juu ni gari gumu. Si kweli. Kimo kinakuvusha kwenye tuta na kwenye kijiti kilicholala njiani, basi. Gari hili litadumu au halitadumu kutokana na injini uliyochagua, gia boksi iliyofungwa nayo, na raba (bushi na kava) zilizo chini ambazo hakuna muuzaji anayezitaja.

Tazama jinsi lilivyoinuliwa. Vesta ya kawaida ina milimita 178, na Cross ya sedani iliyotoka mwaka 2018 imeongezewa 25. Nyongeza hiyo imetokana na springi na shokapu tofauti pamoja na tairi kubwa zaidi. Tairi la 205/50 R17 (upana milimita 205, ukuta asilimia 50 ya upana huo, rimu ya inchi 17) linalofungwa kwenye Cross, ukililinganisha na la 185/65 R15 la Vesta ya chini, linaongeza milimita 7 hadi 8 tu. Zilizobaki ni kazi ya springi. Na hapo pana jambo la kushangaza: ukuta wa tairi hilo la R17 una kama milimita 102, wakati wa R15 una 120. Gari lililouzwa kwa ajili ya barabara mbovu limepewa tairi lenye ukuta mwembamba kuliko ndugu yake wa mjini. Ndiyo maana rimu hupinda na tairi huvimba ubavuni baada ya shimo moja tu lenye kingo kali. Mwenye kuendesha kwenye mashimo kila siku angefaidika zaidi na rimu ndogo na tairi nene, mradi kipimo kiwe kati ya vile vilivyoorodheshwa kwenye kitabu cha gari.

Vingine vyote havijabadilika. Mbele kuna shokapu za MacPherson na amu moja ya chini (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) kila upande, nyuma kuna boriti inayojipinda, na magurudumu ya mbele pekee ndiyo yanayovuta. Injini na gia boksi ni zilezile za saluni ya kawaida.

Hata kimo chenyewe kinahitaji kupimwa upya. Namba ya kiwandani ni ya gari tupu. Pakia watu watano na mizigo kwenye buti, nyuma itashuka sentimeta 4 hadi 6 au zaidi, na hizo milimita 203 huna tena. Anayetaka kujua ukweli alisimamishe gari kwenye sakafu tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa, achukue utepe na kupima mahali panne: chini ya bamba la kinga la injini, chini ya bomba la ekzosi kwenye sehemu yake ya chini kabisa, chini ya boriti ya nyuma, na chini ya mdomo wa bampa ya mbele. Kisha apakie mzigo wake wa kawaida na kupima tena. Mara nyingi bampa ndiyo inayogusa kwanza kwenye mwinuko mkali, kwa sababu pua ya saluni ni ndefu na springi haziwezi kuifupisha.

Sasa nije kwenye madhara ya kuinuliwa, kwa kuwa hapa ndipo hela za wenye magari zinapoishia. Bodi inapopanda, injini na gia boksi hupanda nayo, lakini kitovu cha gurudumu hubaki palepale. Draivu shafti (fimbo inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi gurudumu) iliyokuwa karibu kulala sawa sasa inateremka kwa pembe. Jointi yake ya ndani, ya upande wa gia boksi, yenye beringi tatu ndogo zinazoteleza kwenye mifereji yake, hulazimika kwenda mbele na nyuma kila mzunguko, na mifereji huanza kulika. Dalili yake ni mtetemo unaokuja unapokanyaga mafuta na kutoweka unapoachia. Wengi hukimbilia kubalansi matairi. Mtetemo wa tairi hufuata mwendo wa gari. Mtetemo wa jointi ya ndani hufuata mguu wako. Jointi ya nje, kwa upande wake, hulia kwa kugongagonga unapokata kona kali huku ukivuta.

Kwenye gia boksi ya kawaida ya Logan kuna jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua. Jointi ya ndani ya upande wa kushoto haina kikombe chake chenye grisi. Inaingia moja kwa moja ndani ya gia boksi na kulainishwa na oili ya gia. Kava lake la raba, linaloshikwa na bamba la bolti tatu, ndilo pia sili ya gia boksi. Likichanika, haitoki grisi kidogo ya kuchafua rimu tu. Inatoka oili yenyewe. Gia boksi hiyo hubeba takriban lita 3 za oili ya 75W-80, na dereva asiyechungulia chini husafiri hadi asikie beringi zikilia. Kava la kulia likipasuka unaharibu jointi. La kushoto likipasuka unaweza kupoteza gia boksi nzima. Kwa hiyo kila unapomwaga oili ya injini, fungua bamba la kinga, panguza kava la kushoto kwa kitambaa na litazame kwa tochi kwenye mikunjo. Ukiona unyevunyevu, badilisha kabla ya safari inayofuata, na ujaze oili mpaka ilingane na mdomo wa tundu la kujazia.

Kosa la pili ni la karakana, nalo huua bushi mpya ndani ya muda mfupi. Bushi ya raba ya amu au ya boriti ya nyuma haizunguki kwenye bolti yake, inajipinda. Fundi akikaza bolti gari likiwa kwenye jeki na magurudumu yananing'inia, bushi hukamatwa ikiwa katika hali ya kushuka. Gari linaposhushwa, raba tayari imepindwa, na kila tuta linaipinda zaidi hadi ichanike. Kwenye gari lililoinuliwa lenye safari ndefu ya springi hali ni mbaya zaidi. Dawa yake haihitaji kifaa chochote: funga bolti zishike tu, shusha gari likae kwa miguu yake, litikise, kisha kaza kwa kipimo. Mteja ana haki ya kusimama pale na kudai ifanyike hivyo.

Mlio mdogo wa "tok tok" kwenye njia ya kokoto kwa mwendo wa polepole huwa ni linki za stabilaiza (vijiti vinavyoshika fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona). Zinachakaa mapema na ni rahisi kubadilisha, na hakuna sababu ya kununua shokapu kwa ajili ya mlio huo. Zishike kwa mkono magurudumu yakiwa yamekatwa upande mmoja, ikicheza, imekwisha. Mlio mzito wa "dung" gurudumu linapodondokea shimoni ni kitu kingine. Hiyo ni shokapu imefika mwisho wa kurefuka kwake. Ukiongeza vipande vya kuinua juu ya shokapu za saluni ya kawaida, unachukua nafasi ya kushuka na kuigeuza kimo, na gurudumu halina tena pa kushukia. Anayeng'ang'ania kuinua mwenyewe asizidi sentimeta 2, na baada ya hapo apige alainimenti (kunyoosha magurudumu) bila kuchelewa. Akizidi hapo, pembe za draivu shafti na za tairodi (fimbo za usukani) zinakuwa mbaya, usukani unaanza kuvuta kwenye matuta, na matairi yanalika upande mmoja.

Kuhusu injini, wanaoandika "1.6" tu hawajamwambia msomaji kitu. Kwenye Logan Stepway pekee 1.6 zilikuwa tatu, na kila moja ina alama yake na tabia yake.

K7M ya vali 8 yenye nguvu za farasi 82 ndiyo inayovumilia zaidi. Haina tapeti za haidroli (zinazojirekebisha zenyewe kwa oili), kwa hiyo lazima kuseti tapeti kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi: milimita 0.10 hadi 0.15 kwa vali za kuingiza, 0.25 hadi 0.30 kwa za ekzosi. Tapeti inayopiga kelele haitishi. Ya kuogopwa ni iliyobana kimya, kwa kuwa vali ya ekzosi isiyokaa vizuri kwenye kiti chake huungua. Sampu yake (bakuli la oili chini ya injini) hubeba takriban lita 3.3 tu, hivyo ukipungukiwa lita 1 umepoteza karibu theluthi ya oili yote. Stiki ya kupimia oili ichunguzwe mara kwa mara, hata kama injini haijawahi kula oili.

K4M ya vali 16 yenye farasi 102 ni nzuri barabarani, lakini koili zake za plagi na sili za kamshafti (shafti inayofungua vali) zinahitaji jicho. Hii na K7M zote zinaendeshwa na taimingi belti, na belti ikikatika vali hugonga pistoni. Kwa matumizi magumu ibadilishwe kila kilomita 60,000 au miaka 4, kinachotangulia, pamoja na tenshona (kikazia belti), na pampu ya maji papo hapo kwani inazungushwa na belti hiyohiyo. Tena kwenye K4M puli ya krenkishafti (shafti kuu ya injini) haishikwi na kipini cha chuma. Inashikwa kwa msuguano na mkazo wa bolti peke yake. Fundi anayeweka alama za rangi kwenye belti na kuikaza bolti ile ya zamani kwa kukisia anacheza na vali kumi na sita. Zinatakiwa pini za kufungia krenkishafti na kamshafti, nyuso zisafishwe zisiwe na tone la oili, bolti iwe mpya, na ikazwe kwa spana ya kipimo halafu kwa nyuzi kama kitabu kinavyoagiza.

H4M ya farasi 113 inatokana na HR16DE ya Nissan na ina taimingi cheni. Cheni haina ratiba ya kubadilishwa, lakini si ya milele. Ikirefuka utaisikia ikichakarika sekunde chache za mwanzo injini ikiwa baridi. Nayo haina tapeti za haidroli. Nafasi ya vali hurekebishwa kwa kubadilisha vikombe vya unene tofauti, kazi inayohitaji mikromita na uvumilivu. Kwa hiyo yule anayesema "cheni, hutagusa kitu" anakudanganya.

Kwenye Vesta, 1.6 ya farasi 106 ilikuwa ikipinda vali belti ikikatika, mpaka pistoni zilipobadilishwa kuanzia mwaka 2018. Mnunuzi wa gari lililotumika aulize tarehe ya kutengenezwa kwa injini, asiridhike na mwaka wa kuandikishwa. Ile 1.8 ya farasi 122 inavuta vizuri zaidi gari likiwa limejaa, ila ina sifa ya kula oili. Stiki yake itazamwe kila kilomita 1,000, na anayenunua iliyotumika atazame ncha za bomba la ekzosi na plagi kabla ya kusikiliza bei.

Gia boksi ndiyo inayotenganisha gari la kudumu na la majuto. Kwa mwenye njia mbaya, gia za mkono ndizo ninazozipendekeza bila kusita. Hata hizo zina mpaka wake. Gurudumu moja likikwama kwenye tope na kuzunguka peke yake kwa kasi, gia ndogo ndani ya difu (inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) huzunguka kwenye pini yake zikiwa na oili kidogo, hupata moto na kuilamba pini. Dakika chache za hasira zinatosha. Zima, chimba, weka mbao au mawe chini ya tairi, toa upepo kidogo, halafu uanze polepole kwa gia ya pili.

Otomatiki ya gia 4 ya Logan ni ya zamani na inachukia joto. Solenoidi zake (vali za umeme) za kudhibiti presha huchakaa, na dalili ni gari kushtuka kati ya gia ya kwanza na ya pili au kukwama kwenye gia ya tatu taa ikiwaka. Oili safi na solenoidi mpya mara nyingi hutosha ikiwahiwa.

CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, ni habari nyingine, na hapa nawasihi waandishi wa magari wawe waangalifu. JF015E ya Jatco, iliyofungwa pamoja na H4M kwenye Logan Stepway na, kuanzia mwaka 2019, kwenye Vesta, inafanya kazi kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili kwa presha ya oili. Mjini kwa dereva mtulivu ni laini na haili mafuta mengi. Lakini mkanda ukiteleza hata mara moja kwa nguvu unakwaruza uso wa puli, na mikwaruzo hiyo haifutiki. Kinachoutelezesha ni mambo yaleyale ambayo plastiki nyeusi inamwalika mtu ayafanye: kuzungusha gurudumu kwenye tope kisha likapata ardhi ngumu ghafla, kupanda ukingo kwa kukanyaga mafuta mengi, kuvuta gari jingine. Oili ya NS-3 ibadilishwe kila kilomita 60,000, na mapema zaidi kwa wenye joto na foleni. Jumla yake ni takriban lita 7, na kumwaga kwa chini hutoa karibu nusu tu, hivyo rudia zoezi baada ya mwendo mfupi. Oili ya otomatiki ya kawaida isiingizwe humo kamwe. Unapojaribu gari lenye CVT, liendeshe dakika 20 lipate joto kwanza, kisha ondoka polepole mara kadhaa na kuongeza mwendo taratibu hadi kilomita 60 kwa saa. Mtetemo mdogo, mshtuko au mluzi unaopanda na mwendo vinatosha kukufanya uondoke.

Ile AMT ya klachi moja iliyowekwa kwenye Vesta ni gia boksi ya mkono inayoendeshwa na mota. Usilishikilie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta. Klachi yake huungua kama klachi nyingine yoyote. Klachi ikibadilishwa lazima ifundishwe upya kwa mashine ya kompyuta.

Plastiki za matao nazo zinaficha ubaya. Mchanga na tope huingia nyuma yake, na mtetemo wa kila siku unasugua rangi hadi chuma. Kutu huanzia huko, usipopaona. Mara moja kwa mwaka zifunguliwe, pasafishwe, pakauke na kupakwa nta ya kuzuia kutu. Matundu ya kutolea maji chini ya milango na yale yaliyo chini ya kioo cha mbele yazibuliwe kwa waya laini. Bamba la kinga la injini lisafishwe pia, maana tope lililokaukia humo huzuia hewa na kuficha uvujaji. Kati ya bamba na sampu pawe na nafasi ya angalau sentimeta 2, vinginevyo jiwe likigonga bamba limegonga sampu. Redieta na kondensa (redieta ya AC) vioshwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa hulaza mapezi.

Breki za nyuma za ngoma hukusanya vumbi na tope. Zifunguliwe kila pedi za mbele zinapobadilishwa, na kirekebishi chake kizungushwe kwa mkono kuona kama kinateleza. Kwenye Logan beringi ya nyuma iko ndani ya ngoma yenyewe, ikiwa na pete ya sumaku inayosomwa na sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki). Beringi ikifungwa kinyume, taa ya ABS itawaka na hakuna sensa mpya itakayoizima.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linapochapisha tathmini ya gari la namna hii, kando ya milimita za kimo yachapishwe pia mambo manne: alama ya injini, alama ya gia boksi, kimo likiwa limejaa watu watano, na kipimo cha tairi. Nafasi inayohitajika ni mistari miwili.

Wako,
Fundi wa magari, msomaji wa gazeti lako